Deni na Mlango wa Kazi

Miongoni mwa mambo ambayo waajiri wa Marekani huyasifu kuwa ni uangalifu, na sisi twaona yafaa yatazamwe kwa jicho la insafu, ni desturi ya kuchungua madeni ya mtu kabla ya kumpa kazi. Mtu huomba kazi ya ukarani, au ya kuuza dukani, au ya kutunza wagonjwa. Huulizwa maswali akayajibu, akaonekana afaa. Kisha hupewa karatasi atie sahihi kwamba ameridhia yatazamwe madeni yake. Akikataa, aweza kuikosa kazi. Akikubali, huletwa habari za alichokopa na alichochelewa kulipa, na huenda kwa ajili ya hizo akaambiwa nafasi imepata mwenyewe.

Habari hizo huwekwa na makampuni matatu makubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Kazi yao ya asili ni kumjulisha mwenye kukopesha ni nani wa kumwamini kwa mkopo. Lakini sheria ya mwaka 1970 imemruhusu na mwajiri kuzipata, maadamu mwombaji ametia sahihi, na kabla ya kumkataa kwa ajili yake ampe nakala aione. Deni lililochelewa hubaki katika ripoti kwa kawaida miaka 7. Mwaka 2010 chama cha maofisa wanaosimamia wafanyakazi kiliwauliza waajiri, na 60 katika kila 100 wakasema huwachungua madeni baadhi ya waombaji au wote.

Hoja yao yafaa kutajwa kama ilivyo, kwani si insafu kumjibu mtu kwa asilolisema. Wao husema: aliyezama katika madeni hushawishika kuiba, na asiyeweza kutunza mali yake hatatunza ya watu. Wala sisi hatuwezi kuidharau hoja hii. Katika hadithi sahihi imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kwamba mwenye deni husema akadanganya, na huahidi asitimize. Basi aweza mtu kusema: Je, mwajiri yule hakusadiki?

Twajibu kwamba hakusadiki. Onyo lile ni la mwenye kukopa, apate kujihadhari. Halikuwa ruhusa kwa mtu wa tatu amfungie mlango wa riziki. Na mafundisho hayo hayo yamewatenga wadaiwa mafungu mawili. Yuko mwenye nacho anayechelewesha kwa makusudi, na huyo ameitwa dhalimu. Na yuko asiye nacho, na huyo Qur'ani imeamrisha angojewe mpaka apate wasaa. Wanavyuoni wote walijua kwamba hawa hawahukumiwi hukumu moja, na kadhi haamui kabla ya kuuliza: huyu hakulipa kwa jeuri au kwa dhiki?

Hapa ndipo ilipo kasoro ya ripoti ile. Yaandika kwamba siku 90 zimepita na mtu hajalipa. Haiandiki kwamba kiwanda kilifungwa, au mume alifariki, au mtoto alilazwa hospitali. Yule jeuri na yule mwenye dhiki wamo katika mstari mmoja, kwa wino mmoja. Na mtu aliyefukuzwa kazi, asipate cha kulipia, aendapo kutafuta kazi nyingine huambiwa hafai kwa sababu hakulipa. Asiye kazi halipi deni, na asiyelipa deni hapewi kazi. Atatoka wapi huyu?

Wala wauzaji wa ripoti hawakuleta ushahidi wa nguvu. Mwaka 2010 ofisa wa TransUnion alisimama mbele ya wabunge wa jimbo la Oregon, akakiri kwamba kampuni haikuwa na utafiti wa kuonyesha uhusiano baina ya yaliyomo katika ripoti na utendaji wa kazi au wizi. Na mwaka 2013 tume ya serikali inayosimamia biashara ilitangaza kwamba mtu mmoja katika watano alikuwa na kosa lililothibitika katika ripoti mojawapo. Mwaka 2023 makampuni yote matatu yaliondoa katika ripoti zao madeni ya matibabu yasiyofika dola 500. Lau deni la hospitali lingekuwa dalili ya tabia mbaya, wangaliliondoa?

Ama jambo la rangi, watu wengi hulikosea hapa. Husema: ripoti haina rangi, haikuuliza mtu ni mweusi au mweupe. Ni kweli haikuuliza. Lakini tazama ilipotoka. Tangu mwaka 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya kununua nyumba, na mitaa ya watu weusi ikanyimwa dhamana hiyo. Katika ramani za zama zile mitaa hiyo ilipakwa rangi nyekundu. Ubaguzi wa nyumba ulikatazwa kwa sheria mwaka 1968, lakini waliopata nyumba walikwisha kuzipata, na watoto wao wakazirithi. Katika hesabu ya mwaka 2022, jamaa ya watu weupe ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya watu weusi dola 45,000 hivi.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Watu wawili wafukuzwa kazi siku moja katika ofisi moja. Mmoja ana baba mwenye nyumba na akiba, hulipiwa mpaka apate kazi nyingine. Wa pili baba yake hakuachiwa kitu kwa sababu ya mstari mwekundu. Baada ya miezi sita ripoti ya kwanza i safi, ya pili imechafuka. Uaminifu wao ni mmoja na msiba wao ni mmoja; walichotofautiana ni mali ya wazee wao. Mwaka 2007 Benki Kuu ya Marekani ililiarifu Bunge kwamba alama za mikopo za watu weusi zi chini kwa wastani kuliko za weupe. Basi ripoti haikuuliza rangi, lakini imeijibu.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililijua jambo la namna hii mapema. Kampuni ya umeme ya Duke Power ilikuwa ikiwaweka weusi katika kazi za chini peke yake. Ilipoanza kutumika Sheria ya Haki za Raia, ikaongeza mitihani juu ya sharti la cheti cha shule. Mwaka 1971 mahakama iliamua kwamba sharti lililo sawa kwa sura, likawa lawazuia weusi kwa vitendo, halifai ila ithibitike kwamba lahusiana na kazi yenyewe.

Kwa msingi huo tume ya serikali inayosimamia usawa wa kazi iliishtaki kampuni ya elimu ya Kaplan mwaka 2010. Kampuni ilisema ilianza kuchungua madeni baada ya kugundua kwamba baadhi ya wafanyakazi waliiba fedha za wanafunzi. Tume ilishindwa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hukumu. Sababu? Ili kujua nani mweusi, tume iliweka watu watano watazame picha za leseni za magari na kukisia rangi. Majaji wakasema huo si ushahidi, wakaongeza kwamba tume yenyewe huwachungua hivyo hivyo wanaoomba kazi kwake. Pigo hilo lilikuwa kali, na tume ilistahili. Lakini lionekane lilivyo: ushahidi ndio ulioanguka. Swali la kama deni ni mizani ya uaminifu halikujibiwa.

Majimbo kadha, la kwanza Washington mwaka 2007, na mji wa New York mwaka 2015, yameizuia desturi hii kwa kazi nyingi. Ungetaraji weusi wafaidike. Lakini wachumi wawili, Alexander Bartik na Scott Nelson, waliyachunguza majimbo hayo wakaona nafasi ya mtu mweusi kupata kazi ilipungua. Wako wanaosema kwa hivyo marufuku ni upuzi. Sisi twaisoma habari hii vingine. Waajiri waliponyang'anywa karatasi, hawakuanza kuuliza juu ya mtu. Yaonekana wengine walirudi kukisia kwa rangi. Basi karatasi ilikuwa dhulma, na dhana iliyokuwa nyuma yake ni dhulma kubwa zaidi. Kuondoa moja na kuiacha ya pili si uadilifu uliotimia.

Msomaji asidhani habari hii ni ya ng'ambo peke yake. Nchini Kenya waombaji wa kazi nyingi za serikali wametakiwa walete hati ya CRB kwamba hawana deni baya, pamoja na hati ya polisi na ya kodi. Huko hoja si rangi, lakini duara ni lile lile. Kijana aliyekopa kwa simu siku za njaa jina lake liliandikwa. Na ni mwaka 2020 tu ndipo Benki Kuu ya Kenya ilipozuia majina kupelekwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000.

Hatusemi mwenye kuajiri mtunza hazina asimchungue. Na amchungue, lakini kwa njia ya haki: ajue deni lilitoka wapi, amsikilize mwenyewe, awaulize waliofanya naye kazi, na atazame kama jambo hilo lahusu kazi anayompa. Ama anayehukumu kwa karatasi peke yake amejipunguzia taabu, na taabu hiyo amemtwika aliye dhaifu kuliko yeye. Na mdaiwa akipata kazi, mwenye deni naye hulipwa haki yake.