Punda wa Dobi na Wajinga wa Televisheni

Siku hizi katika mji wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero, toka Kidatu hata Mlimba, desturi ya kutazama michezo ya televisheni imeenea sana. Yuko mwenye chombo nyumbani, na jirani zake huja jioni na vigoda vyao. Yuko atazamaye bandani kwa malipo kidogo. Na vijana hutazama katika simu zao hata njiani. Hutazamwa michezo ya kwetu Tanzania, na ya Uturuki na India na Korea iliyotiwa sauti za Kiswahili. Na popote panapotazamwa husikika neno moja: "Mjinga huyu!" Husema akina mama, husema watoto, hata mzee aliyejifanya amelala huinua kichwa na kusema. Mwanamke wa mchezoni amemwona mumewe sokoni, amesimama na mwanamke asiyemjua. Hamwulizi ni nani, hukusanya nguo zake na kuondoka usiku ule ule, na yule mwingine kumbe ni dada wa mume. Watazamaji hupiga kelele kana kwamba sauti zao zaweza kupenya kioo.

Neno hilo nataka kulipima, maana aghalabu twamtukana asiye na kosa. Mwanamke yule hakuondoka kwa ujinga wake, ameondolewa. Mtungaji alikuwa na vipande arobaini vya kujaza, na swali moja la nusu dakika, "Yule nani?", lingaliumaliza mchezo wake siku ya tatu. Basi akamziba mama wa watu kinywa. Hapa kwetu mkulima alalaye dunguni kulinda mpunga, akitaka kuwauliza wa nyumbani jambo, hupanda juu ya kichuguu na simu yake mkononi mpaka aupate mtandao. Na hao wa mchezoni, wenye simu mbili mbili mezani, hawaulizani neno kwa muda wa miezi miwili. Huo ni uvivu wa mtungaji, naye amemtwisha mwingine mzigo wake.

Katika mabanda ya video yuko mfasiri ambaye hueleza sinema za kigeni kwa Kiswahili huku picha zikipita. Watu wa shule humdharau, kwa kuwa huongeza maneno yasiyokuwamo. Mimi simdharau. Akiona mtu wa sinema atenda jambo lisilo na sababu, humtungia sababu papo hapo: ana deni la mahari, au ameapishwa na baba yake, au ana homa. Mfasiri huyo ameona tundu katika kazi ya mwenzake akaliziba kwa udongo alio nao. Wahakiki wengi hawafanyi hata hivyo.

Lakini uko ujinga mwingine hadithini, na huo ndio utupasao kuutazama kwa makini. Nao tutaupima hivi: nijue yale tu anayoyajua mtu yule, nitake anachokitaka, niogope anachokiogopa, je, ningetenda vingine? Wapo wajinga ambao, tukiwapima hivyo, hatuwezi tena kuwacheka kwa urahisi.

Tuanze na kisa ambacho wengi wetu tulikisikia utotoni. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Unguja, alikusanya hadithi za Waswahili, zikapigwa chapa London mwaka 1870, na mojawapo ni Kisa cha Punda wa Dobi. Chimbuko lake ni India, tena Waarabu waliijua katika kitabu cha Kalila na Dimna. Ila ilipofika pwani yetu imekuwa ya kwetu kabisa. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akala matunda na kumtupia papa, wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, na walipofika kilindini akamfunulia siri: mfalme wa papa ni mgonjwa, na dawa aliyoagiziwa ni moyo wa kima. Kima akasema kwamba ni desturi ya kima kuiacha mioyo yao mtini wanaposafiri. Papa akageuka, akamrudisha.

Mtoto yeyote husema papa ni mjinga mara mbili: kwanza amesema siri, pili amesadiki uongo. Lakini mtazameni vizuri. Alipotoa siri, maji yalikuwa pande zote, na mwenye nguvu zote haoni faida ya kuficha. Na kwa habari ya moyo kuachwa mtini, papa angejuaje? Hajapanda mti maisha yake. Mambo yote ya nchi kavu ayajuayo ameambiwa na rafiki huyo huyo. Tena (hili ni wazo langu, halimo kitabuni) huenda alifurahi kusikia kwamba moyo waweza kupatikana pasipo kumwua aliyemlisha siku zote. Ujinga wake umetoka katika maji aliyozaliwa.

Kima alipokwisha kuokoka, papa akamwita tena ashuke, na kima akamjibu kwa kumwambia habari ya punda. Punda huyo alimtoroka dobi akakaa porini, akanenepa. Sungura akamwendea na habari njema kwamba simba ataka kumposa. Punda akafurahi, akaenda. Simba akamrukia, lakini punda akaponyoka. Siku zikapita, sungura akaja tena. Punda akasema aogopa, maana alipokwenda alishambuliwa. Sungura akamtuliza kwamba hayo si mashambulio, ndiyo mazungumzo ya simba. Punda akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, na simba alipovidai aliambiwa kwamba mnyama huyu hakuwa navyo. Kama angalikuwa navyo, asingalirudi mara ya pili.

Kima alimaliza hadithi yake hapo, naye amechekwa na vizazi vingi pamoja naye. Mimi sikubaliani na sungura. Punda alikuwa na masikio, tena yalisikia vema mno. Fikirini alikotoka. Huenda siku za utumishi wake alipigwa na yule yule aliyempa majani. Fimbo na chakula vilitoka mkono mmoja. Mnyama aliyelelewa hivyo, akiambiwa kwamba kucha ndizo maneno ya mapenzi, asikia jambo jipya? Mtungaji hakulieleza hilo kwa maneno mengi, ila amelitia katika jina la hadithi: hakumwita punda wa porini, amemwita punda wa dobi.

Biblia ina mtu aliyerudi kama punda, tena si mara mbili. Someni Waamuzi, sura ya 16. Delila amwuliza Samsoni siri ya nguvu zake. Samsoni ampa uongo mara tatu, na kila mara aambiwa kwamba Wafilisti wamemjia. Mara ya nne asema kweli. Kama jambo hili lingaletwa leo katika tamthilia, banda zima lingalipiga kelele, na wengine wangalidai fedha zao. Lakini mwandishi ametutayarisha kwa uangalifu. Katika sura ya 14 mke wa kwanza wa Samsoni, yule wa Timna, alimlilia siku saba mpaka akafunuliwa kitendawili. Basi twajua mapema kwamba mtu huyu aliyempasua simba kwa mikono hawezi kustahimili machozi ya nyumbani. Mwanzoni mwa sura ya 16 azingirwa Gaza, naye ang'oa malango ya mji na kwenda zake. Kisha twaambiwa kwamba Delila alimsumbua kila siku hata roho yake ikachoka. Na nywele zilipokwisha nyolewa, Samsoni aamka akidhani atatoka kama alivyotoka siku nyingine. Hapo ndipo ufunguo wa habari yote. Aliyeponyoka kila mara huacha kuihesabu hatari.

Wazungu nao wana mabwana wa kazi hii. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa Rais wetu, alitoa mwaka 1963 tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari. Humo Bruto, baada ya kumwua Kaizari, ampa Antonio ruhusa ya kusema mazishini, ingawa Kasio amemwonya. Tena Bruto asema kwanza, kisha aondoka na kumwachia Antonio mkutano. Hakuna uamuzi mpumbavu kuliko huo, wala hakuna umfaao Bruto zaidi. Yeye alishawishiwa na hoja, basi adhani watu wote hushawishiwa na hoja.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na ugonjwa wa UKIMWI. Ulitungwa kwa kanuni ya Miguel Sabido wa Mexico, ambaye alitaka mchezoni pawe na watu wa namna tatu: mwema wa kuigwa, mbaya wa kuepukwa, na yule aliye katikati asiyejua aelekee wapi. Kwa muda wa miaka miwili kituo cha Dodoma hakikuutangaza, ili wataalamu wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia, nao wakaona kwamba waliousikia walibadilika zaidi. Sina sababu ya kuukana ushahidi huo. Mbaya wa mchezo alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, aliyekuwa na wanawake katika miji ya njiani, na mkewe Tunu nyumbani. Mwishowe UKIMWI ukampata.

Nikimtia Mkwaju katika kipimo changu, aonekana ametengenezwa vizuri. Ugonjwa wenyewe hauonekani usoni kwa miaka. Kazi yake yamweka mbali na nyumbani. Fedha anazo mfukoni, na wenziwe humsifu kwa yale yale yatakayomwua. Huyo hakuletwa kutoka hewani. Lakini kanuni ya watu watatu ina hatari yake: msikilizaji huambiwa tangu mwanzo huyu ni mbaya, naye huketi juu kama hakimu. Akiisha kuizima redio, aendelea kuketi juu. Watu wengi wa bonde hili walikufa kwa ugonjwa huo kabla dawa za kuupunguza hazijafika. Na kando ya vitanda vyao neno lililosemwa mara nyingi ni "alijitakia". Neno hilo ndilo "mjinga huyu" lililotoka bandani likaingia chumba cha mgonjwa.

Kwangu mimi, mtu wa maana katika mchezo ule ni Tunu, aliyevumilia kwanza, kisha akaanza biashara yake apate riziki. Watu huuliza upesi, "Mbona hakuondoka mapema?" Ni swali wanaloulizwa wanawake wengi walioambukizwa ndani ya ndoa zao. Wanaouliza hawataji mahari ambayo ndugu zake wataambiwa wairudishe, wala watoto, wala nyumba isiyo yake. Nao wamesahau ushauri aliopewa na wakubwa wake alipokwenda kulalamika: mwanangu, ndivyo wanaume walivyo, vumilia. Sungura hakusema vingine kwa punda. Mtungaji anayetuonyesha mama huyo akirudi kwa mumewe, wala asituonyeshe ni nani aliyemrudisha, ametufundisha kumcheka aliyeliwa, na sungura yuko pembeni amejifuta mdomo.

Nasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu sisi watu wa Kilombero nasi tumekuwa watu wa mchezoni machoni pa wengine. Mvua za Machi na Aprili zikizidi, mto hufurika, na televisheni huonyesha nyumba zimezama na watu wamebebana mabegani. Na watazamaji walio mbali husema lile lile neno: mbona wanakaa kule? Mtangazaji hupewa dakika moja, na katika dakika moja maji huonekana, udongo hauonekani. Mto unaofurika ndio unaourutubisha udongo, na udongo ule ndio unaozaa mpunga. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, lakini wengi hawakuliacha bonde: msimu wa kulima ukifika, jamaa nzima hufunga virago, hushuka mashambani, na kukaa katika vibanda na madungu miezi kadhaa, kwa kuwa shamba li mbali na ndege na nguruwe hawangoji. Mkulima huyo anajua mto hufurika. Alijua kabla ya mtangazaji kuzaliwa, na baba yake alijua. Ameweka hasara ya mwaka mmoja katika mizani pamoja na mavuno ya miaka mingine, akachagua. Maji yakipungua hurudi na jembe na mbegu zake. Na wale wa mjini, wakiwa wameketi mbele ya televisheni na sahani ya mchele wa Kilombero, huendelea kuuliza mbona hahami.