Lundo la Radi au Kumulonimbasi?

Wanafunzi wetu wa tafsiri hupenda mno kutohoa. Wakikutana na jina la lile wingu refu lenye radi, huandika "kumulonimbasi" na kusonga mbele. Sauti imehifadhiwa, maana imebaki Roma.

Majina haya yana mwenyewe. Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, aliyapendekeza katika mhadhara wake wa Desemba 1802. Alichagua Kilatini ili wasomi wa nchi zote waelewane, lakini maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa. Cirrus ni kishungi cha nywele, cumulus ni lundo, nimbus ni wingu la mvua. (Anayefungua kamusi ya Kilatini aangalie: nimbus ni pia nuru izungukayo kichwa cha mungu.) Stratus hutokana na kitenzi chenye maana ya kutandaza, nasi husema kila siku kwamba wingu limetanda! Ya nini basi kuhangaika na "stratasi"? Hata gubari letu, wingu zito la mvua, lilianza kama neno la Kiarabu la vumbi.

Hata hivyo tusikiabudu Kilatini. Altus maana yake ni -a juu, lakini altocumulus ni wingu la kimo cha kati. Cumulonimbus nalo hutaja lundo na mvua, radi halitaji. Kwa mkazi wa Namatala, katika Divisheni ya Viwanda mjini Mbale, jina la wingu si jambo la mtihani tu. Mawingu hujirundika juu ya Wanale na miteremko ya Mlima Elgon. Mvua hunyesha huko, na mito ya Namatala na Nabuyonga huiteremsha mjini, hata kama mjini kwenyewe ni pakavu. Mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022 yaliua zaidi ya watu 20 Mbale na wilaya jirani.

Mwanafunzi wa huko anayewatafsiria wazazi wake utabiri wa hali ya hewa na kuandika "kumulonimbasi", hajatafsiri. Tunapendekeza "lundo la radi" katika matangazo na "wingu-lundo la mvua" katika vitabu vya jiografia, ingawa hili la pili ni zito mdomoni. Umbo lililotoholewa libaki kwenye faharasa. Kuhusu cirrus, bado tunasita kati ya "kishungi" na "usinga". Mwalimu mwenye hoja atuletee kabla ya toleo lijalo.