Vijana Watatu wa Kinshasa, na Sisi wa Isangi

Dieudo Hamadi ni mwana wa Kisangani. Alizaliwa huko mwaka 1984. Sinema yake "Kinshasa Makambo" ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin, mwezi wa Februari 2018. Haina waigizaji. Hamadi mwenyewe alishika kamera, akawafuata vijana watatu, Christian, Ben na Jean-Marie, katika siku zile ambapo muda wa Rais Joseph Kabila ulikwisha, 19 Desemba 2016, na uchaguzi haukufanyika.

Yafaa wazazi na vijana wetu waitazame, maana haidanganyi juu ya ushujaa. Vijana wale si malaika. Mmoja ametoka gerezani, mwingine amerudi kutoka ugenini, wa tatu analala leo hapa kesho pale asije akakamatwa. Tena hawapatani. Je, tusemezane na wakubwa? Tumfuate Mzee Étienne Tshisekedi na chama chake? Au watu wote wainuke, hata ikiwa damu itamwagika? Hamadi hawajibu, na amefanya vema. Anayetazama hana budi kujiuliza mwenyewe, na hapo ataona kwamba haki peke yake haitoshi: mwenye haki aweza kuipoteza kwa kushika njia mbaya.

Lakini sinema hii ina upungufu wake. Anayeitazama aweza kudhani kwamba siasa ya kijana ni kukimbizana na polisi tu, tena ni kazi ya mji mkuu. Hapa kwetu, Lomami inapoingia katika mto Kongo, hakuna barabara ya kujaza watu maelfu. Basi, kijana wa Isangi hana la kufanya?

Analo. Uchaguzi ule uliodaiwa kwa machozi ulifanyika 30 Desemba 2018. Kanisa lilituma waangalizi kama 40,000 nchini mwote. Januari 2019 Maaskofu wakasema wazi kwamba hesabu iliyotangazwa na Tume ya Uchaguzi hailingani na ile ya waangalizi wao. Waliwezaje kusema hivyo? Kwa sababu watu walikaa vituoni, wakatazama kura zikihesabiwa, wakaandika. Kazi hiyo haina moshi wala kelele, wala Hamadi hakuipiga picha. Ni kweli, haikubadili matangazo. Lakini neno lisilo na shahidi hufa siku ile ile; lao liko mpaka leo.

Zamani ngoma za Walokele zilipeleka habari kijiji hata kijiji kandokando ya mto. Mpigaji mmoja akikosea, waliofuata walipokea kosa lake. Hesabu ya kura nayo huenda vivyo hivyo: ikiharibika kijijini, haitanyoka Kinshasa.

Katiba ya 2006 inampa Mkongo wa miaka 18 haki ya kupiga kura, na mwenye miaka 25 haki ya kuomba kiti cha ubunge. Basi, ndugu vijana, mkiitazama sinema hii, msiishie kuwasifu watatu wale. Ulizaneni: siku ya kura, nani kati yetu atakataa bia na shati la mgombea, akakaa kituoni mpaka kura ya mwisho ihesabiwe?