Kazimoto na Kamanda wa Polisi

Muulize mtu aliyesoma Kiswahili chuo kikuu Kichwamaji inahusu nini. Jibu linakuja kabla hujamaliza swali: udhanaishi. Ataongeza ukengeushi, ataongeza mgogoro wa msomi na jamii yake, na kama alikuwa anakaa viti vya mbele atakutajia Camus na Sartre. Mimi mwenyewe nilijibu hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zangu, nikaenda kula. Sina ugomvi na neno lenyewe. Euphrase Kezilahabi alikuwa mtu wa falsafa, na baadaye alikuja kulionyesha hilo bila kificho katika Nagona na Mzingile. Ninachogombana nacho ni kwamba kwa miaka 50 sasa neno udhanaishi limetuwezesha kuongea juu ya kijana anayejiua bila kuongea juu ya kujiua.

Kwa ambao hawajaisoma, kwa ufupi: riwaya ilitoka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na sehemu kubwa kabisa ya hadithi anatusimulia yeye. Ana rafiki wa zamani, Manase, ambaye sasa ni mkubwa wa serikali. Manase alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Kazimoto naye anakuja kumwoa Sabina, dada yake Manase. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa, ile hali ambayo leo kliniki zetu zinaitaja pamoja na mgongo wazi. Mwishoni Kazimoto anajiua. Namna gani, sitaeleza. Sababu nitaitoa mbele kidogo.

Sasa hebu tuiweke riwaya pembeni kidogo tusome gazeti.

Mimi ni mwandishi wa habari, na habari za watu kujiua zimepita mikononi mwangu mara nyingi kuliko ninavyopenda. Zina muundo wake na kila mhariri anaujua. Mkazi wa mtaa fulani, umri fulani, amekutwa amefariki. Kamanda wa Polisi wa mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo. Chanzo kinadaiwa kuwa wivu wa mapenzi, au ugumu wa maisha, na siku hizi msongo wa mawazo. Uchunguzi unaendelea. Tunaichapa, na uchunguzi haurudi tena gazetini hata siku moja.

Ukiisoma habari hiyo kama mhakiki, swali la kwanza ni lile tulilofundishwa darasani: msimulizi ni nani? Msimulizi ni Kamanda. Siyo mke, siyo rafiki, siyo daktari. Na kwa nini Kamanda? Kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kitu kikishakuwa kosa, mwenye mamlaka ya kukisimulia ni polisi, na lugha yake ni ya polisi: tukio, chanzo, mtuhumiwa. Yaani sheria ndiyo iliyotuchagulia utanzu.

Sheria hii hatukuitunga sisi. Ni ya Waingereza, na wao wenyewe waliifuta kwao Agosti 1961. Rudia kuisoma tarehe hiyo. Miezi minne kabla bendera ya Tanganyika haijapanda, mwenye mali alikuwa ameshaitupa, sisi tukairithi. Kenya waliibeba hadi Januari 2025, ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kifungu cha 226 cha sheria yao ya adhabu kinakiuka Katiba. Sisi bado.

Kuna mama jirani yetu, mtoto wake alilazwa baada ya kujaribu. Alipopata fahamu, mtu wa kwanza kumwona kando ya kitanda alikuwa askari. Kwa hiyo yule mama, ambaye hajasoma kifungu chochote cha sheria, akatunga hadithi palepale wodini: kijana alikuwa na kiu, alikosea chupa. Akaisimulia kwa muuguzi, kwa askari, kwa mjumbe, kwa sisi majirani tuliokwenda kumpa pole. Aliisimulia vizuri mno. Alipoulizwa mara ya tano alikuwa na rangi ya chupa na mahali ilipokuwa imewekwa. Hakuna aliyemwuliza kijana lolote, maana hadithi ilikuwa imeshakamilika, na kumwuliza kungekuwa kuiharibu. Akaruhusiwa, akarudi nyumbani na hadithi ya mama yake.

Hapo ndipo Kichwamaji iliponirudia kwa namna mpya. Kezilahabi alifanya jambo ambalo sheria, gazeti na hofu za familia haviruhusu: alimpa usimulizi mtu mwenyewe. Kwa kurasa nyingi tunakaa ndani ya kichwa cha mtu ambaye kwa kawaida tunamfahamu kupitia kwa Kamanda. Tunamsikia anavyochoka, anavyodharau watu na kujidharau, anavyochekesha (watu wanasahau kwamba Kazimoto anachekesha), anavyoshindwa kuelewa kwa nini wengine wanaendelea na maisha kama vile yana maelezo. Ni mtu anayekaa na swali hadi swali linamla.

Mwaka wa riwaya una uzito kuliko tunavyodhani. Kwa kizazi kizima kabla yake, elimu rasmi ya magonjwa ya akili Afrika Mashariki ilikuwa imeamua kwamba mtu kama Kazimoto ni nadra sana, karibu hayupo. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na ndani yake anadai sonona ni ugonjwa adimu kwa Waafrika, kwa sababu eti Mwafrika hana mzigo wa kujilaumu nafsi. Alimfananisha hata na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kueleza Mau Mau kama tatizo la saikolojia. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa akili, alimjibu kwa hasira stahiki mwaka 1961. Sidai kwamba Kezilahabi aliandika akiwa na Carothers mezani. Nasema tu kwamba kijana aliyezaliwa Ukerewe 1944 alitoa, kwa Kiswahili, kitabu kizima kuhusu Mwafrika anayekufa kwa mzigo wa nafsi. Ushahidi wa namna hiyo daktari mkuu wa Mathari asingeweza kuusoma kwenye faili.

Tuje kwa msimulizi wa tatu, ambaye siku hizi ndiye anayesifiwa: karatasi ya maswali. Ukienda kliniki leo unaweza kupewa PHQ-9. Ni maswali 9, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Mara ngapi umekosa usingizi? La mwisho linauliza kuhusu mawazo ya kufa. Iliandaliwa Marekani kwa ufadhili wa Pfizer, ambayo haikuwa na hasara yoyote watu wakigundulika, maana dawa ya sonona ilikuwa inaiuza. Hata hivyo sitaibeza. Mahali pasipo na daktari wa akili hata mmoja, karatasi inayomlazimisha mhudumu kuuliza swali la 9 kwa sauti imeshampita Kamanda kwa mbali.

Lakini isome kama unavyosoma shairi na uone kilichoachwa. Muda wake ni wiki mbili. Haiulizi nani. Haina nafasi ya Manase. Kazimoto angepata alama za juu, nina hakika, na huenda angepewa fluoxetine, na huenda, nasema hili bila kejeli, angeishi. Ila rafiki yake aliyemharibia dada bado angekuwa ofisini, nyuma ya meza kubwa, na watu wangeendelea kusubiri nje. Sehemu ya ugonjwa wa Kazimoto ni kwamba ameona vizuri.

Halafu kuna lugha. Wataalamu wetu wamelichagua neno sonona, na ni neno zuri, linauma hata kulitamka. Kenya utasikia mfadhaiko. Redioni wanasema msongo wa mawazo, ambao kwa kweli ni kitu kingine. Msongo wa wengi wetu unapungua mshahara ukiingia. Mtaani hawasemi lolote kati ya hayo. Wanasema: ana mawazo. Angalia Kiswahili kinavyofanya hapo. Wazo moja ni jambo jema, unalitoa kwenye kikao na kupigiwa makofi. Yakishakuwa mengi, na mtu akawa "nayo", ni maradhi. Na tiba yetu ya kwanza, mara nyingi na ya mwisho, ni "acha mawazo".

Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mabenchi yake mwaka 2006, ambapo akina bibi waliopewa mafunzo wanakaa na mgonjwa nje ya kliniki na kumsikiliza, hawakuanza na neno la kitabuni. Walianza na kufungisisa. Mwaka 2013 neno hilo likaingia hata kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5. Bibi kwenye benchi anauliza nini kinakufanya uwaze, na jibu linaweza kuwa mume, kodi, au Manase.

Kazimoto ana mawazo, kwa maana zote mbili. Wahakiki wetu walichukua maana ya kwanza, wakamfanya mwanafalsafa. Karatasi inachukua ya pili, inamfanya mgonjwa. Kiswahili cha mtaani hakijawahi kuzitenganisha, na riwaya imeandikwa katika Kiswahili hicho. Ukisema anaumwa tu, umefuta maswali yake. Ukisema anahoji tu, umemwacha afe huku ukiandika maelezo pembeni mwa ukurasa. Wasomi tumefanya hili la pili kwa muda mrefu na kwa raha sana.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Mwaka huohuo wa 1974, mtafiti wa Marekani David Phillips aliandika kwamba habari za kujiua zikichapwa kwa kishindo, vifo vya namna hiyo huongezeka. Akaipa hali hiyo jina la Werther, kijana wa riwaya ya Goethe ya 1774, miaka 200 kamili nyuma. Kwa hiyo leo tunaelekezwa tusieleze njia iliyotumika, tusiipambe, na ninaukubali mwongozo huo kazini. Je, Kichwamaji ni kitabu cha kumpa mwanafunzi wa miaka 19 ambaye halali? Nimewasikia walimu wakiuliza, na ni swali la haki. Watafiti wa Vienna mwaka 2010 waliongeza upande wa pili, wakauita jina la Papageno, yule wa opera ya Mozart ambaye anataka kufa na wavulana watatu wanamkumbusha kwamba kuna njia nyingine: habari za mtu aliyefika ukingoni akarudi zinaweza kulinda. Kazimoto hana wavulana watatu. Linganisha na Bessie Head, ambaye mwaka mmoja tu kabla, 1973, alitoa A Question of Power. Elizabeth wake anavunjika akili vibaya kuliko Kazimoto, lakini kuna hospitali, kuna bustani ya mboga, kuna majirani wanaorudi hata baada ya kutukanwa. Anatoka hai. Jibu langu kwa walimu ni kwamba kitabu kitolewe, na mwalimu asikimbilie udhanaishi. Aanze kwa kuuliza: nani hapa angeweza kumwuliza Kazimoto, na kwa nini hakumwuliza? Darasa litajibu kwa majina ya watu wao.

Lipo jambo moja ambalo mapenzi yangu kwa kitabu hiki hayalifuti. Usimulizi ule ambao Kezilahabi alimpa Kazimoto hakumgawia mwingine yeyote. Rukia, ambaye msiba wote unapita mwilini mwake, hana hata nusu ya nafasi ya kuwaza aliyopewa kaka yake. Mimba ni yake, kifo ni chake, mawazo ni ya Kazimoto. Ukichunguza utaona wanaume ndio wanaouliza maisha ni nini, wanawake wanazaa majibu. Na Sabina anabaki: mtoto hayupo, mume hayupo, na kaka ni Manase. Kamanda atafika kumwuliza chanzo, mashangazi watamwambia aache mawazo, na mimi ningekuwa pale nje na kalamu, nasubiri uthibitisho wa polisi. Riwaya yake hatujaipata. Kama kuna anayeiandika, aitume. Nitaisoma usiku huohuo.