Nyuzi Zielekee Wapi?

Sanamu iliyo mezani pangu hapa Wote haifiki urefu wa rula ya shule. Ni plastiki nyeusi iliyofutwa kwa rangi ya fedha kwenye mbavu, nayo ni ya yule zimwi wa anga za juu wa filamu ya Alien ya mwaka 1979. Nina miezi kadhaa nikiikunja na kuikunjua. Nililelewa upande wa Kitui, kati ya watu wanaoweza kumwona mnyama ndani ya gogo kabla hawajashika tezo, kwa hiyo kabla ya rangi na bei huwa natazama kama aliyeifanya aliujua mwili ulio ndani.

Mwili umo, na ni wa mtu. Zimwi hili lilibuniwa na H. R. Giger, msanii wa Uswisi, ambaye kwenye kichwa cha vazi lake alitia fuvu halisi la binadamu chini ya kifuniko kinachopitisha mwanga. Aliyelivaa ni Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa akisomea usanii London, kijana mwembamba mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Vazi lilishonwa kwa vipimo vyake. Akafunzwa taichi na uigizaji bubu ili mwendo wake uwe wa taratibu, na kwa kuwa mkia haukumruhusu kuketi kitini, akatengenezewa bembea ya kupumzikia. Alifariki mwaka 1992. Nikiyatazama mapaja ya sanamu hii, marefu na makavu, namwona yeye. Aliyeifinyanga hakuyanenepesha ili yaonekane ya kutisha, na hilo namshukuru kwa dhati.

Mwaka ule wa filamu, kampuni ya Kenner ilitoa sanamu yake ya inchi 18, yenye taya za springi na fuvu linaloonekana ndani ya kichwa. Wazazi wa Marekani walilalamika, na haikutoka sana madukani. Leo wakusanyaji wanaigombania.

Yangu ni ndogo zaidi, na ina viungo vingi mno. Goti la kulia lilikuja limeganda; nililoweka mguu kwenye maji ya moto dakika mbili ndipo likakubali kukunjika bila kukatika. Lakini goti hurekebishika. Kiungo cha kifuani ndicho kinachoniuma, kwa kuwa kimepasua mbavu katikati, pale pale ambapo mchongo ni mzuri kuliko mahali pengine pote. Ukiigeuza kidogo tu, mistari ya juu inaachana na ya chini. Ningekuwa na sauti, ningekiondoa.

Niliipeleka kwa mzee mmoja mchongaji, anayefanyia kazi chini ya mwembe nje ya Kibwezi. Aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba kwenye mkia, akaniuliza, “Mwanangu, huyu ukitaka nimchonge, nyuzi zielekee wapi?”

Swali hilo linabeba kazi nzima. Plastiki humiminwa kwenye kalibu, haina nyuzi. Mkia wa sanamu yangu una waya ndani na hupinda utakavyo. Mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na kipande chembamba kilichokatwa kuzikingama huvunjika hata kwa kuangushwa mezani. Twiga wa Kikamba anaweza kuwa na miguu myembamba kama penseli kwa sababu miguu na shingo vyote vinapanda na nyuzi. Zimwi hili limesimama wima, lakini kichwa chake kirefu kimelala kuelekea nyuma, na mkia nao unatoka kwa upande. Ukiipa miguu nguvu, umekinyima kichwa.

Wachongaji wetu walikwisha kukutana na tatizo hili. Biashara hii ya vinyago tunaihesabu tangu Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Machakos, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu hapo kinachovunjika upesi kimekuwa kikichongwa peke yake: mkuki wa Mmasai huchomekwa mkononi, pembe za ndovu hupachikwa baadaye.

Mzee hakunijibu kwa maneno. Aliinuka, akachakura kwenye lundo la mukau, ule mti wetu wa nchi kavu usioliwa na mchwa, akarudi na tawi lenye panda. Akasimamisha sanamu kando yake. Mahali tawi linapogawanyika, nyuzi zinapinda zenyewe bila kukatwa, na mkono mmoja wa panda ulilala nyuma kama kile kichwa.

“Shingo ianzie hapa,” akasema, akitia alama kwa ukucha. “Mkia nitauchonga peke yake.”