Mgono Hauendi Kumtafuta Samaki

Pale Wagenia, kwenye poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma, mto haunyamazi. Maji yameteremka tangu Ubundu, na hapa karibu na Kisangani yanabanwa na miamba. Juu yake wavuvi wamesimika miti minene, miguu imezama katika mashimo ambayo mto wenyewe uliyachimba ndani ya jiwe. Kwenye miti hiyo wamefunga migono mikubwa kwa kamba za msituni, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Samaki anasukumwa, anaingia, na nguvu ile ile iliyomwingiza inamzuia kutoka. Kazi ngumu imekwisha kabla samaki hajafika: kuujua mkondo, kuchagua shimo, kukaza fundo.

Mimi ninaandika programu, na sijaona picha bora ya kazi yangu kuliko hiyo.

Mama mmoja muuza duka aliniomba nimtengenezee programu ya bei. Hapa mjini bidhaa nyingi hupangiwa bei kwa dola na kulipwa kwa faranga, na bei ya dola haikai. Ikipanda, mama alikuwa akifuta karatasi zake moja moja, sukari, sabuni, betri, na ile aliyoisahau ndiyo iliyomlia faida. Nikaiweka bei ya dola mahali pamoja tu, nikazifunga kwayo bei zote za skrini. Kwenye fundo nikaweka fanksheni, yaani kipande cha programu, inayongoja. Thamani mpya ikiandikwa, fanksheni inaamka, inapiga hesabu, skrini nzima inafuata. Hakuna anayezunguka kuuliza kama dola imepanda.

Ufundi huu una wazee wake. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali ambalo ukibadilisha namba moja, zote zinazoitegemea zinabadilika. Mtunza hesabu aliyekuwa akifuta kwa raba usiku kucha aliona jedwali likijisahihisha lenyewe. Naupenda sana wakati huo, ingawa sikuwepo.

Lakini fundo baya linaumiza. Niliweka visanduku viwili, cha faranga na cha dola, kila kimoja kikimsikiliza mwenzake. Mama akaandika 10,000 upande wa faranga. Kwa bei ya 2,850, upande wa dola ukatoka 3.51, maana nilikuwa nimekadiria hadi desimali mbili. Kisanduku cha dola kilipobadilika, fanksheni ya pili ikaamka nayo, ikazidisha, ikarudisha jibu: 10,004. Namba aliyoiandika kwa kidole chake ikageuka mbele ya macho yake. Akanitazama. “Mwanangu, hizi nne zimetoka wapi?”

Zilitoka kwangu. Fanksheni iliyoamshwa na badiliko ilikuwa imeleta badiliko jingine, na hilo likarudi lilikotoka. Bahati ile namba ilitulia. Kuna zisizotulia, zinazozunguka mpaka mashine inakwama. Watengenezaji wa AngularJS, mfumo wa kuundia programu za wavuti, walilijua hilo, wakaweka mpaka wa mizunguko 10, kisha programu inatoa kosa na kuacha. Mimi nilirekebisha kwa kuifundisha kila fanksheni kuuliza swali moja kabla ya kufanya lolote: aliyebadilisha ni mtu, au ni mwenzangu? Kama ni mwenzake, inanyamaza.

Kosa jingine halionekani upesi. Unafunga dirisha la skrini ukidhani limekwisha, kumbe fanksheni yake bado imefungwa kwenye thamani. Dirisha likifunguliwa tena, linafunga nyingine, na nyingine. Kufikia jioni badiliko moja linaamsha fanksheni arobaini, na simu inachemka mkononi. Anayefunga lazima ajue lini atafungua. Kwangu hapo ndipo fundi anapotambulikana, kuliko kwenye urembo wa rangi na vitufe.

Mfano wangu una mpaka wake. Mgono unakamata peke yake, lakini mvuvi bado hupanda mitini kuutazama, miguu mitupu juu ya miti iliyolowa, maji yakinguruma chini. Fanksheni haihitaji kutembelewa.

Wiki iliyofuata dola ilipanda. Mama aliandika 2,900 mara moja, akainua macho kuangalia bei ya sukari, kisha ya sabuni, kisha ya betri. Akazikunja karatasi zake za zamani, akaanza kufungia karanga.