Istilahi za Ubaguzi Kazini: Tatu za Kupimwa Upya

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha mwaka 2021 marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, uzito wa istilahi za kazi umeongezeka. Neno lililokuwa likimshughulisha mfasiri peke yake sasa husomwa na mlalamikaji, mwajiri na mwamuzi. Katika makala haya nakusudia kupima istilahi tatu zitumikazo kufafanua kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinachokataza ubaguzi katika ajira.

Ya kwanza ni jinsia. Matini ya Kiingereza ya sheria hiyo yametaja sababu mbili mbalimbali: moja yahusu maumbile, yaani kuwa mwanamume au mwanamke, nyingine yahusu nafasi ambayo jamii humpangia mtu kwa ajili ya maumbile hayo. Wafasiri wengi huzifunika zote mbili kwa neno jinsia, na orodha ya sheria ikapungukiwa na sababu moja. Mwajiri akimkataa dereva kwa kuwa ni mwanamke, amembagua kwa jinsi. Akimwajiri, kisha akamwondoa kwenye gari na kumtuma kuandaa chai ya wageni kwa kuwa desturi yataka hivyo, amembagua kwa jinsia. Sheria humtaka mfanyakazi aonyeshe kwanza dalili za ubaguzi kwa sababu mojawapo iliyotajwa. Ndipo mwajiri abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Asiye na jina la sababu yake huingia katika shauri akiwa na upungufu.

Wala hapana haja ya kubuni neno jipya. Takwimu za sensa ya mwaka 2012 ziligawa watu kwa umri na jinsi, na jinsia imekwisha kuzoeleka katika mambo ya maendeleo ya jamii. Wapo watakaosema kwamba jinsi lina maana ya namna pia. Ni kweli, lakini sidhani kama yupo atakayesoma “ubaguzi kwa misingi ya jinsi” akapotea.

Ya pili ni ubaguzi fiche, istilahi niliyokutana nayo katika tafsiri kadhaa zilizoletwa mezani kwangu. Sheria hukataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja. Huu wa pili haufichwi hata kidogo. Huweza kubandikwa ukutani kama kanuni: kwamba atakayepandishwa cheo ni yule aliyetumika miaka mitano mfululizo bila likizo ndefu. Kanuni ni moja kwa wote, lakini uzito wake humwangukia mwanamke aliyechukua siku zake 84 za likizo ya uzazi. Neno fiche humfanya msomaji atafute nia mbaya iliyositirika, na asipoiona atasema hapakuwa na ubaguzi. Napendekeza ubaguzi wa matokeo.

Ya tatu ni unyanyasaji wa kijinsia. Istilahi hii imebebeshwa mengi mno: kipigo cha nyumbani, dhihaka kwa mjamzito, na mkono wa mkubwa wa kazi usiotakiwa. Kifungu cha 7 huhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu zilizotajwa kuwa ni aina ya ubaguzi. Basi hapana budi aina zake zitengwe. Dhihaka kwa mjamzito na ibaki kuwa unyanyasaji wa kijinsia. Vitendo na maneno ya tamaa yaitwe unyanyasaji wa kingono.

Ikiwa kuna atakayeona haya kulitamka neno ngono katika waraka wa serikali, na azingatie rushwa ya ngono. Istilahi hiyo imeenea kwa sababu hutaja jambo lenyewe, na karani na hakimu huielewa kwa namna moja. Staha ni sifa njema ya lugha yetu, lakini katika sheria staha ikizidi humkinga mkosaji.

Wasomaji, hasa wafasiri wa mahakama na maofisa utumishi, wanaombwa watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya kabla hayajafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.